Nilikubali Bila Kusoma

Sehemu ya sita

Walionifuata tangu mwanzo wanajua jinsi mume wangu alivyofukiwa na duara, shimo la wachimbaji, kule Rwamgasa, akichimba dhahabu ya watu wengine, na jinsi shemeji zangu walivyonitoa ndani ya nyumba kabla ya kuanua matanga. Wanajua pia kwamba nilishuka Shinyanga mjini na mfuko mmoja wa nguo, na kwamba mwanamke aliyenipokea ni Melania, ambaye wote tulimwita Mama Edson. Alikuwa mjane kama mimi, mchapaji katika duka la Bwana Hozefa.

Mama Edson alinilaza kitandani kwake, yeye akalala chini. Alinifundisha kuchapa kwa vidole kumi. Nilipoiva akanipeleka kwa Hozefa, akasema, "Bosi, huyu ni mdogo wangu. Anaitwa Limi. Atanisaidia."

Leo naeleza nilivyomlipa. Sehemu hii nimeiogopa tangu wiki ya kwanza.

Ulikuwa mwaka 1999. Duka la Hozefa lilikuwa la karatasi, fotokopi na kuchapa barua, na mwaka ule alileta kompyuta yenye modemu. Tulikuwa tunapiga simu Mwanza, modemu inakoroma na kupiga miluzi, kisha intaneti inafunguka. Walimu, masista, wanunuzi wa dhahabu, wote walikuja kwetu kutuma barua pepe.

Hozefa alikuwa na sheria moja. Aliiandika kwa mkono wake na kuibandika juu ya kioo cha kompyuta: Mtu asiingize kitu chochote katika kompyuta hii bila ruhusa yangu.

Mimi na Mama Edson tulipokezana zamu. Kulikuwa na daftari, na anayekaa kwenye mashine siku hiyo alijiandika jina.

Jumanne moja ya mwezi wa sita zamu ilikuwa ya Mama Edson. Alipomaliza kujiandika akanivuta nyuma ya mashine ya fotokopi.

"Mdogo wangu, nikalie leo. Jina langu liache hivyo hivyo."

"Unakwenda wapi, dada?"

Aliangalia mlango kwanza.

"Hospitali. Nakwenda kuchukua majibu ya damu."

Wa umri wangu mnakumbuka maneno hayo yalikuwa na uzito gani miaka ile. Mume wake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, amekohoa mpaka akaisha. Mtu akionekana tu amekaa kwenye benchi la majibu, hata kama damu yake ni safi, mjini alikuwa ameshazikwa.

"Usimwambie mtu, Limi."

"Siwezi, dada."

Saa saba mchana Hozefa akaenda kuswali na kula. Nikabaki peke yangu. Ndipo akaingia Bujiku.

Bujiku alikuwa akinunua dhahabu kule Rwamgasa, na kila alipopita Shinyanga alikuja kutuma barua pepe kwa tajiri yake. Alikuwa ameanza kuniita mchumba, na mimi nilikuwa nimeanza kuitika.

"Leo si zamu ya yule mama?" akauliza.

"Ametoka."

"Kaenda wapi?"

Ningeweza kusema kaenda sokoni. Sijui hata leo kwa nini sikusema hivyo. Nadhani nilitaka aone kuwa simfichi kitu.

"Usimwambie mtu," nikasema. "Kaenda kuchukua majibu ya damu."

Bujiku akatikisa kichwa. "Pole yake." Kisha akatoa sidii kwenye mfuko wa koti, kama vile habari ile imeshapita. "Nimekuletea kitu. Programu ya bure, nimepewa Nairobi. Ukiiweka, kila unapounganisha intaneti inakuonyesha bei ya dhahabu ya dunia hapo chini ya kioo."

"Hozefa amekataza."

"Hozefa ameenda kula. Limi, kule machimboni tunanunua gizani. Nikipita hapa nasoma bei, naondoka. Nani atajua?"

Nikaiingiza.

Kioo kikajaa Kiingereza, mistari midogo midogo, ukurasa juu ya ukurasa. Chini kulikuwa na kitufe cha kukubali na kitufe cha kukataa. Kiingereza changu kilikuwa cha kuchapa: herufi nazijua, maana namwachia mwenye barua.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Hayo ni mambo ya wanasheria. Kubali tu."

Nikabonyeza. Likaja dirisha la pili lenye visanduku vidogo, vyote vimeshatiwa alama ya vema na mtu ambaye si mimi. Nikabonyeza. La tatu likataka jina. Nikaandika, nikabonyeza. Bujiku akacheka, akanishika bega, na kweli, chini ya kioo ukatokea ukanda mwembamba wenye tarakimu. Juu ya ukanda kulikuwa na tangazo la saa za mkononi linalowaka na kuzima.

Mama Edson alirudi saa tisa. Sikumuuliza majibu na yeye hakuniambia. Mpaka leo sijui.

Wiki ya kwanza ilikuwa matangazo ya saa na magari. Wiki ya pili yakaanza madirisha. Unachapa barua ya mtu, dirisha linaruka mbele, maneno uliyochapa yanapotelea huko. Ukilifunga, linakuja jingine. Ukurasa wa kwanza wa intaneti ukabadilika wenyewe, ukawa wa kamari. Asubuhi kompyuta ilichukua muda mrefu kuwaka, wateja wanagonga meza kwa vidole.

Kisha wakaja wanawake wasio na nguo.

Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu. Nilifunga haraka. Jioni nikafuta ile alama ya programu mbele ya kioo, nikapumua. Asubuhi ukanda ulikuwa pale pale.

"Limi," Mama Edson akaniambia siku moja, "hii mashine ina nini? Nimefunga dirisha moja, yamefunguka matatu."

"Ni laini ya Mwanza, dada. Itapita."

Nikamfundisha kuyafunga kwa haraka. Badala ya kumwambia ukweli nilimfundisha kuyafunga.

Siku ilipofika, zamu ilikuwa yake tena. Sista Mariana, mkuu wa shule ya wasichana ya parokia, aliingia na mama mmoja wa kanisani, Serafina. Walikuja kutuma barua kwa wafadhili kuhusu bweni lililoungua. Mama Edson alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa parokia, na Serafina alikuwa makamu wake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Sista. Karibuni mkae karibu muone inavyokwenda."

Wakavuta viti. Modemu ikakoroma, intaneti ikafunguka. Mimi nilikuwa kwenye fotokopi, mgongo nimewapa. Nikasikia kiti kinasogea kwa nguvu.

Nilipogeuka, Mama Edson alikuwa amesimama mbele ya kioo, ametandaza kanga yake kwa mikono miwili.

"Sista, usitazame," alikuwa anasema. "Nakuomba usitazame."

Kioo kilikuwa kikubwa kuliko mikono yake. Madirisha yaliendelea kufunguka nyuma yake, na kila alipojisogeza upande huu, picha zilionekana upande ule. Sista Mariana alishusha macho sakafuni. Serafina hakushusha.

"Melania," akasema, "kumbe haya ndiyo unayoshinda nayo hapa?"

"Sijui yanatoka wapi. Wallahi sijui." Alichanganyikiwa mpaka akaapa kwa kiapo kisicho cha kwao.

Hozefa alitoka nyuma ya kaunta, akang'oa waya ukutani.

"Nani ameingiza kitu kwenye hii mashine?"

Nilikuwa na karatasi mkononi. Nikaanza kuzipanga upya.

Baada ya siku mbili akaja fundi kutoka Mwanza, kijana wa Kihindi aitwaye Rushabh. Alikaa kwenye kompyuta saa nzima. Kisha Hozefa akatuita sote wawili.

"Hizi ni programu za matangazo," Rushabh akasema. "Haziji peke yake. Zinajificha ndani ya kitu cha bure. Mchezo, picha nzuri, au hii yenu ya bei ya dhahabu. Mtu anakubali bila kusoma, na humo ambamo hakusoma ameshakubali yote. Amekubali waangalie anafungua kurasa gani. Amekubali walete matangazo muda wowote. Amekubali walete na programu nyingine. Hapa zimeshaingia nne."

"Na hizo picha chafu?" Hozefa akauliza.

"Anayelipia tangazo ndiye anayeonekana. Mashine haijui kama aliyekaa mbele yake ni sista."

"Mtu akifuta ile alama mbele ya kioo, si imetoka?" Swali hilo niliuliza mimi. Sauti ilinitoka kabla sijaizuia.

Rushabh akaniangalia. "Hapana. Huko ni kung'oa kibao cha duka. Duka lenyewe liko wazi ndani. Nitasafisha mashine yote, na barua zote ambazo hamkuziweka kwenye diski zitakwenda nayo."

"Iliingizwa lini?" Hozefa akauliza.

Rushabh akataja tarehe. Jumanne, saa saba na dakika ishirini mchana.

Hozefa akafungua daftari la zamu, akapitisha kidole. Jina la Mama Edson lilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Siku hiyo ulikuwa wewe kwenye mashine?"

Mama Edson akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananingoja.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: nilikuwa mimi. Nikafikiria chumba nilichopanga mtaa wa Ngokolo kwa mshahara wa pale. Nikafikiria shemeji zangu, na ule mfuko mmoja wa nguo. Nikajiambia nitasema dakika ijayo. Dakika ikapita, nikaangalia viatu vyangu.

"Ndiyo, bosi," Mama Edson akasema. "Nilikuwa mimi."

Rushabh akainama, akamwambia Hozefa kitu kwa Kigujarati. Hozefa akaniangalia mara moja, kisha akaangalia pembeni. Nilidhani wanazungumza habari za mashine.

Mama Edson aliachishwa kazi jioni ile ile. Mlangoni, huku anafunga mkoba wake, aliniambia, "Kesho usichelewe, ng'wanone. Hozefa hapendi watu wa kuchelewa."

Ng'wanone ni mwanangu, kwa Kisukuma. Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya hapo.

Habari ilifika kanisani kabla yeye hajafika nyumbani. Kwaya aliyokuwa akiimba ikamwambia apumzike kwanza. Kiti cha uenyekiti akakalia Serafina. Ikatangazwa kwamba Jumapili ya wiki inayofuata, baada ya misa, shauri lake litasikilizwa ukumbini.

Jumamosi nikapanda basi la Geita, kisha gari la mizigo mpaka Rwamgasa. Sikuwa nimekanyaga pale tangu mazishi ya mume wangu. Nilimkuta Bujiku mialoni, mahali wanapooshea dhahabu, amekaa kwenye kibanda chake na mizani ndogo, makarasha yanasaga mawe mpaka huwezi kusikia mtu anayeongea mbele yako.

"Twende Shinyanga," nikamwambia. "Useme kuwa ile sidii ni yako. Mama Edson amefukuzwa kwa kosa letu."

"Letu?" Akaweka mizani chini. "Kuna mtu alikushika kidole?"

"Wewe ulisema nikubali."

"Nilisema. Wewe ndiye uliyekubali. Na mimi nikasimame mbele ya masista niseme nini? Nina mke, Limi, na huku ninajulikana."

Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa ana mke. Nililiacha lipite. Halikuwa na nafasi siku ile.

"Anateseka bure," nikasema.

"Angetoka pale hata hivyo. Hozefa alikuwa ameshaanza kumwogopa."

"Kumwogopa kwa nini?"

Bujiku akachukua mizani yake, akaifuta kwa kidole.

"Nilimdokeza ile habari ya damu. Kwa nia njema tu. Mnakunywa chai kwa vikombe vile vile pale dukani, na wewe unakunywa humo."

Nilikaa juu ya kiroba cha kifusi. Watu walipita wamebeba mawe. Mtu mmoja tu aliijua siri ya Mama Edson, na huyo mtu aliifikisha kwa mtu mmoja tu.

Jumatatu nilimkuta Hozefa anafungua milango ya duka.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Limi."

"Niliyeingiza ile programu ni mimi. Mama Edson hakuwepo. Mrudishe kazini, nifukuze mimi."

Hakushtuka. Alimaliza kufungua kufuli, akalitia mfukoni.

"Najua ni wewe," akasema. "Rushabh aliniambia siku ile ile. Programu ilitaka jina, ukaandika Limi. Lingekuwemo ndani mpaka sasa kama asingesafisha."

"Sasa kwa nini umemfukuza yeye?"

Alikaa juu ya kiti cha wateja. Alionekana mzee.

"Wewe unajua kwa nini. Wateja wakisikia, hataingia mtu hapa. Mke wangu anaogopa, anasema tufunge. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia, sikuipata. Kisha lile likatokea, na yeye mwenyewe akasema ni yeye. Mimi sikumlazimisha."

"Lakini wanasema anaangalia uchafu. Kanisani wanasema."

"Wangesemaje ningetoa sababu ya kweli?" Akaniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Niambie wewe ipi ni afadhali kwake. Kama unaijua nitakwenda kuisema."

Nikaingia ndani, nikawasha kompyuta. Ilikuwa imesafishwa, nyeupe kabisa. Barua ya Sista Mariana ya bweni ilikuwa imepotea pamoja na nyingine zote.

Wiki nzima nilipita njia nyingine ili nisipite mbele ya nyumba ya Mama Edson. Alhamisi akanifuata mwenyewe, akanikuta kisimani.

"Jumapili utakuja?" akauliza. Alikuwa amekonda usoni.

"Nitakuja, dada. Nitawaambia ni mimi niliyeingiza."

Aliishika ndoo yangu mpaka ikajaa.

"Waambie hilo," akasema. "Hilo tu."

Jumapili ukumbi ulijaa. Kina mama walikaa mbele, wanaume nyuma, na wengine walisimama madirishani. Mama Edson alikaa peke yake kwenye benchi la pembeni, na benchi lile lingetosha watu watano.

Sista Mariana ndiye aliyeongoza. Aliuliza kama yupo anayejua lolote. Nikasimama.

Nikasema yote kuhusu sidii. Nikasema kuwa niliingiza mimi, kwamba nilikubali maandishi ambayo sikuyasoma, kwamba programu ilikuja na nyingine ndani yake, na kwamba picha zile hazikuitwa na mtu, zilikuja zenyewe. Nikasema Mama Edson hakuwepo hata dukani. Nikasema niliogopa.

Hakuna aliyenizomea. Sista Mariana alivua miwani, akaifuta.

"Basi tumemkosea Melania," akasema. "Sote. Mimi wa kwanza."

Nikaona mabega ya Mama Edson yanashuka, kama aliyetua mzigo. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, taratibu.

Serafina akanyoosha mkono.

"Samahani, Sista. Nina swali dogo. Daftari lilikuwa na jina lake, kwa mwandiko wake. Limi anasema hakuwepo. Sasa Jumanne, siku ya kazi, saa saba mchana, mwenyekiti wetu alikuwa wapi mpaka aandike uongo?"

Makofi yakaisha.

"Ni swali la haki," Sista Mariana akasema. "Limi, unajua alikuwa wapi?"

Nikamwangalia Serafina. Hakuwa na uso wa mtu anayeuliza. Jibu alikuwa nalo, sikujua amelipata kwa nani, na nyuma yake kina mama wawili walikuwa wameshainamisha vichwa wananong'ona. Alitaka tu litoke kinywani mwangu. Nikisema sijui, nilikuwa muongo, na yote niliyosema yangekuwa ya kutunga. Nikisema najua, ingebidi niseme ni wapi.

"Alikuwa..." nikaanza, sijui nilikuwa naelekea wapi.

Benchi la pembeni likalia. Mama Edson alikuwa amesimama.

"Kaa chini, ng'wanone," akasema, kwa sauti ile ile aliyonifundishia kuchapa. "Wewe umeshasema ya kutosha. Tangu Jumanne ile."

Jumanne ile siri yake nilimwambia mtu mmoja tu, Bujiku, na kumbe Mama Edson alijua. Nikakaa, na Mama Edson akageuka kuutazama ukumbi.